Kisima cha Ukweni

Mtu mzima akitembea kutoka chooni hadi kisimani huku midomo ikimcheza kwa kuhesabu, tena si kwake bali ukweni, huyo anatafuta maneno. Ndivyo alivyosema bibi mwenye nyumba, akiwa dirishani na ungo wake wa mchele, na binti yake akaja kuchungulia juu ya bega lake. Kweli bwana. Mume wa binti alikuwa pale uani, suruali ameikunja, anapiga hatua ndefu ndefu kama anayepima kiwanja cha mpira. Alipofika kwenye ukingo wa kisima alisimama, akakitazama choo, akakitazama kisima, kisha akatikisa kichwa.

“Anapima nini?” bibi akauliza.

“Sijui, mama.”

“Hujui? Mume ni wako au ni wangu?”

Mji mzima ulimwita huyu binti Mama Kisima, na hakuona ubaya. Kisima kilichimbwa na marehemu baba yake kwa mikono yake mwenyewe, na maji yake yalikuwa meupe pe, baridi, ukiyatia kwenye glasi unaviona vidole vyako upande wa pili. Watu walipanga ndoo zao mapema, yeye akavuta kamba, akamimina, akapokea sarafu, akacheka na huyu na yule. Kwa maji hayo nyumba iliezekwa upya, na mwaka uliopita kikajengwa choo cha wapangaji nyuma ya jiko. Siku choo kinachimbwa mumewe alisema kwa upole, “Mama, tukisogeze kidogo, hapa kiko upande wa juu wa kisima, uchafu utateremkia majini.” Bibi akamjibu bila kuinua macho, “Mwanangu, ukijenga kwako utachimba choo unapotaka.” Akanywea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mwanamume anayekaa ukweni kamba yake ni fupi zaidi.

Huyo mume alikuwa mhandisi. Idara ya maji ilimpa kazi ya kuuchorea mji mtambo wa kusafisha maji ya kunywa, na kwa vile nyumba yao haikuwa na chumba cha kazi, alichorea kwenye meza ya kulia. Kila walipotaka kula, mtambo ulikunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Ulikuwa hivi: maji yavutwe mtoni, juu ya machinjio na si chini yake, yaingie kwenye bwawa yatulie na kuacha tope, yapite kwenye chujio la mchanga, yatiwe klorini, kisha yapande kwenye tangi kilimani na kushuka yenyewe hadi kwenye mabomba. Kwenye dirisha la sebule alipanga mitungi ya kioo yenye maji ya mto, mekundu kama chai ya rangi. Katika kila mtungi alitia shabu, ile ile anayokupaka kinyozi kidevuni, huku zaidi, kule pungufu, akakoroga, akakaa kuangalia ni mtungi upi tope lake linashuka kwanza. Kwa mitungi hiyo na vichupa alivyotembea navyo, watu wakambatiza Bwana Chupa.

“Kwa hiyo tuache maji meupe ya Mungu,” bibi alisema siku moja akipita na sahani, “tukanywe tope lililotiwa dawa.”

“Mama, tope linaonekana. Linaloonekana linaondoka. Mimi naogopa lisiloonekana.”

“Lisiloonekana ni la moyoni mwako.”

Huko nje nako maneno hayakukosekana. Ng'ambo ya barabara alikaa fundi cherehani, mtu wa tepu shingoni na pini mdomoni, ambaye pini hizo hazikuwahi kumzuia kusema. Yeye alikuwa na hesabu yake. “Mhandisi wa maji analala na muuza maji,” aliwaambia wateja wake. “Sasa nyinyi niambieni, huo mtambo utakwisha lini?” Wateja wakacheka, na Mama Kisima, aliyekuwa akivuta kamba pale pale, akajifanya hakusikia.

Hapo ndipo alipokuwa, katikati. Nje walimshuku mumewe kwamba anakilinda kisima. Ndani mama yake alimshuku kwamba anataka kukiua. Yeye kwanza aliyacheka yote mawili. Lakini neno likisemwa asubuhi na jioni linazoeleka sikioni, na baada ya zile hatua za uani akajikuta anamtazama mumewe akila, anamtazama akikunja karatasi zake, kama mtu anayemtazama mpangaji ambaye hajamjua vizuri. Akakumbuka kwamba tangu waoane mume huyu hakuwahi kunywa maji ya kisima hivi hivi. Kila siku birika lilipanda kwenye moto wa kuni, maji yakachemka, yakapoa, ndipo anywe. Na kwa ajili yake nyumba nzima ikanywa ya birika, isipokuwa bibi, aliyesema hawezi kuyachemsha maji ya marehemu mumewe kama supu ya mgonjwa.

Wanunuzi, bila shaka, walipewa yalivyotoka.

*

Ilikuwa kwenye chai ya asubuhi mumewe alipolitoa neno lenyewe.

“Idara inataka visima vyote vipimwe kabla sijamaliza mchoro. Wanataka kujua kama mtambo uchukue maji ya mto au ya ardhini. Kila kisima chupa moja, zinapelekwa maabara.”

“Hata chetu?”

“Hata chetu.”

“Na kikionekana kibovu?”

“Kitafungwa.”

“Nani atakayesema ni kibovu? Wewe?”

“Chupa ndiyo itasema, mke wangu.”

Mama Kisima alikisukuma kikombe chake pembeni. “Siku ile uani ulikuwa unapima nini?”

Mumewe alichelewa kujibu. Angejibu upesi, pengine hadithi hii isingekuwapo. “Umbali,” alisema.

“Wa nini na nini?”

“Kunywa chai, itapoa.”

Basi, hapo moyo wake ukafunga mlango. Mtu asiye na la kuficha hakuambii unywe chai. Alimwona sasa kama mama yake alivyomwona: kijana aliyekuja na sanduku moja, akapewa chumba, akapewa mke, akakaa miaka, akisema choo kisogee anaambiwa asogee yeye, na leo amepata kalamu ya kulipiza. Bibi naye hakumwacha apumue. Wakiwa jikoni wanachambua mchele alisema polepole, “Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Kisima cha baba yako kitauawa kwa wino, halafu mimi na uzee wangu nikapange foleni kwenye bomba la mkwe.” Zaidi ya hapo hakusema. Hakumtuma mtu kufanya kitu.

Siku ya chupa mumewe alizunguka mji tangu mapema, fundi cherehani akimfuata nyuma kama shahidi ambaye hakuitwa. Cha kwao alikichota mwisho. Aliziweka chupa zote kwenye sanduku la barafu hapo barazani, kila moja na jina la mwenye kisima, akaingia kuoga kabla gari la idara halijafika.

Mama Kisima alisikia maji yakimwagika bafuni. Alifungua sanduku, akaitafuta chupa yao, akaimwaga kwenye maua. Birika lilikuwa jikoni, limepoa tangu jana. Akaijaza chupa, akaifunga, akairudisha mahali pake. Moyoni alijitetea vizuri tu: maji ni yetu, ya kisima kile kile, yamepita motoni tu. Nani kaiba? Kama yeye ana hila zake, na mimi nina zangu.

Mumewe alitoka na taulo begani, akabeba sanduku, akamuaga mkewe. Na yeye akamwitikia.

*

Majibu yalisomwa kwenye ukumbi wa shule, na walikuja hata wasiokuwa na kisima, maana aibu ya mwenzio haina kiingilio. Ofisa wa idara alisimama na karatasi yake akasoma kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani. Kisima cha mwokaji mikate, kina vijidudu vya kinyesi. Kisima cha stendi, kina vijidudu vya kinyesi. Kisima cha fundi cherehani, vivyo hivyo. Kila jina lilipotajwa watu waligeuka kumtazama mwenyewe, naye akatazama dari. Ofisa akafika mwisho. Kisima kimoja tu ndicho kilichokutwa salama.

Alipotaja ni cha nani, ukumbi ulianza kucheka kidogo kidogo kutoka nyuma.

Fundi cherehani alisimama. Leo hakuwa na pini mdomoni. “Mimi si msomi. Nataka tu nielewe. Mji mzima tunakunywa mavi, isipokuwa mama mkwe wa mhandisi. Ni hivyo, au nimesikia vibaya?”

“Ndivyo maabara ilivyosema,” ofisa alijibu.

“Na aliyepeleka chupa maabara ni nani?”

Kicheko kikawa kikubwa. Mhandisi alikuwa mbele, kwenye kiti cha wanafunzi kilichompandisha magoti. Mama Kisima alijua ilikuwa zamu yake kufurahi, na kweli furaha ilimpanda hadi kooni: mama yake kando yake ameshika kitambaa machoni, kisima cha baba kimeshinda. Halafu mwalimu mkuu akainuka, na furaha ikasimama hapo hapo kooni kama mwiba wa samaki.

“Mimi haya ya nani kapeleka sitayaingilia,” mwalimu mkuu alisema. “Watoto wangu wanakunywa maji ya mto. Mtambo utachukua mwaka, pengine zaidi. Kama kuna kisima kimoja salama, naomba shule ichote hapo tangu Jumatatu mpaka mtambo uishe.”

Bibi alisimama kabla binti yake hajamshika nguo. “Wachote,” alisema kwa fahari. “Tena bure. Marehemu angependa.”

Watu wakapiga makofi. Fundi cherehani hakupiga. Alikuwa amemtuma mtu, na mtu huyo akaingia na ndoo inayodondosha na glasi. “Yametoka kisimani sasa hivi,” fundi alisema. “Mhandisi anasema ni salama. Basi aanze yeye, ndipo wanywe watoto wa watu.”

Mhandisi aliitazama glasi. Kisha aliinua macho, akamtafuta mkewe katikati ya vichwa vyote vile, akamkuta. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeuliza jambo na kungoja kidogo, huenda akajibiwa. Mama Kisima aliinamisha macho kwenye mapaja yake. Alipoyainua, mumewe alikuwa amemaliza glasi yote, na anajipangusa midomo kwa kiganja.

*

Jumamosi alianza kuharisha, na kufikia Jumapili hakuweza kutoka chumbani bila kushika ukuta. Bibi alisema ni chakula cha idara, wamemlisha vya jana. Mama Kisima alichanganya maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko kilimchoma yeye kuliko mgonjwa. Huenda ni kisima. Huenda si kisima. Hakujua, na kutojua huko alikusababisha mwenyewe siku aliyoimwaga ile chupa kwenye maua.

Binti yao mdogo, mwanafunzi wa shule ile ile, aliingia na kikombe cha plastiki, akakiosha mara ya pili mbele yao. “Mama, mwalimu kasema kesho kila mtu aje na kikombe. Tutakunywa maji ya kwetu.” Akatoka anaruka.

Mama Kisima aliweka kijiko chini. “Mume wangu.”

“Naam.”

“Ile chupa yetu...”

“Ilinukia moshi,” mumewe alisema.

Alifumba macho. Aliyefumba macho alikuwa yeye, lakini aliyeona giza ni mkewe.

“Niliifungua maabara, kabla ya kuikabidhi,” aliendelea kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka tumbo. “Nimekunywa maji ya birika lako miaka yote hii. Unadhani siyajui?”

“Ukajua, na ukaipeleka.”

“Nikaipeleka.”

“Kwa nini hukusema?”

“Niseme nini? Kwamba mke wangu kaniibia kwenye sanduku langu?” Alijivutia shuka. “Barabarani wananishuku. Ofisini wananishuku kwa kuwa nakaa hapa. Mama yako akinipa chumvi anaangalia naiweka wapi. Nikasema walau nyumba moja inipende, hata kama ni kwa uongo. Sikujua mwalimu atasimama. Aliposimama nilitaka kusema, ulimi ukakataa. Ndiyo maana nikanywa. Nilijiona nastahili.”

“Na zile hatua za uani?”

“Nilikuwa natafuta pa kukihamishia choo. Nilitaka nikihamishe kwa pesa yangu mchoro ukishalipwa, bila kumwudhi mama. Ningekwambia, ungemwambia.”

Na kweli angemwambia. Mama Kisima alikaa na hilo. Alilia, si kwa sauti, akafuta pua kwa upindo wa kanga. Mumewe alijaribu kuketi. “Kesho nitakwenda shuleni nikaseme.”

“Utakwendaje, na huwezi kufika mlangoni? Lala. Nitasema mimi.”

*

Mwalimu mkuu alifika asubuhi na mkokoteni wa mapipa, amevaa tai. Nyuma yake walikuja walimu wawili, na fundi cherehani alivuka barabara kushuhudia, kama kawaida yake. Bibi alikuwa ameufagia uwanja na kuipaka chokaa sehemu ya ukingo wa kisima.

Mama Kisima alisimama mbele ya kisima, mikono nyuma. “Mwalimu, msichote. Chupa iliyopimwa haikuwa ya kisima. Niliibadilisha mimi. Niliweka maji ya birika, yaliyochemshwa. Mume wangu mgonjwa ndani kwa ile glasi.”

 Fundi cherehani alicheka kwa puani. “Mnaona sasa? Wakati wa kuuza yalikuwa asali. Leo ya bure, yana mavi.”

“Si hivyo.”

“Bibi alitoa mbele ya watu, binti hakulala,” fundi alisema. “Anahesabu ndoo zitakazompita.”

Mwalimu mkuu aliona haya kwa niaba yake. “Mama Kisima, kama ni malipo, shule inaweza kuangalia kitu kidogo. Sema tu. Usikisingizie kisima.”

“Mwalimu, naapa.”

“Nyamaza,” bibi alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. “Unanivua nguo mbele za watu. Neno nimelitoa. Wachoteni, walimu wangu, msimsikilize. Mumewe kamlisha maneno.”

Na walimu, kwa adabu, wakaanza kuteremsha pipa la kwanza. Mama Kisima aliwatazama uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, na akaona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: alikuwa amesema ukweli mtupu, na hakukuwa na hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kuuweka. Hivi ndivyo mumewe alivyoishi, basi. Kila siku, na mitungi yake dirishani.

Aliingia jikoni. Mwalimu akadhani amekwenda kulia. Alirudi na dumu la mafuta ya taa, limejaa, kifuniko amekwisha kukifungua. Bibi ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema jina la marehemu mumewe, mara moja tu, akashuka ngazi huku amenyoosha mikono, lakini miguu yake haikuwa ya mbio tena. Mama Kisima alilala kifua kwenye ukingo uliopakwa chokaa, akalipindua dumu. Mafuta yalishuka yakigugumia. Aliyasikia yakifika chini, kwenye yale maji meupe, na aliendelea kulishikilia dumu mpaka likatoa tone la mwisho.

 Fundi cherehani aliinama, akateremsha ndoo kwa kamba yeye mwenyewe, akaivuta. Juu ya maji palielea rangi rangi, zambarau na kijani. Alileta pua karibu, akaitoa upesi. Akaiweka ndoo chini taratibu. Hapakuwa na la kushuku tena.

Walimu wakarudisha pipa kwenye mkokoteni. Mwalimu mkuu alisimama kidogo, akashika tai yake, akasema, “Basi tutawachemshia ya mto,” akaondoka kichwa chini. Fundi alivuka barabara bila kuaga.

Bibi alikuwa ameketi chini, palepale uani, mgongo kwenye kisima, chokaa imempaka gauni. Mama Kisima alitaka kumshika mkono, akakumbuka wake ulivyonuka mafuta, akaurudisha. Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa ndoo.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mhandisi alitoka ameshika ukuta, shuka mabegani, akaiona ndoo, akaliona dumu, akamwona mkewe. Alielewa bila kusimuliwa. Alijikokota hadi walipo, akajishusha chini kwa shida, akaketi kando ya mama mkwe wake, si karibu sana.

Bibi hakumgeukia. Alikitazama choo cha wapangaji nyuma ya jiko kwa muda mrefu.

“Huo mtambo wako,” alisema mwishowe, “utakwisha lini?”

“Bado nachora, mama.”

“Basi leo usiikunje hiyo karatasi,” bibi alisema. “Tutakula chini, mkekani.”